Nyota njema si lazima ionekane asubuhi: Funzo la Hasheem Thabeet kwa wasaka vipaji

WAHENGA walinena kwamba nyota njema huonekana asubuhi. Methali hiyo hutiwa kwenye mizani kila mwaka, tena kwa gharama kubwa, na wakuu wa Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Marekani (NBA), ambako klabu 30 hugawana wachezaji chipukizi katika shughuli inayofahamika kama drafti.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Klabu huteua kwa zamu, katika awamu mbili, vijana wanaotoka vyuo vikuu vya Marekani na ligi za mataifa mengine. Tangu drafti ya 2006, mchezaji haruhusiwi kuteuliwa kabla ya mwaka anaotimiza umri wa miaka 19. Klabu 14 zilizokosa kufuzu kwa mchujo wa msimu uliotangulia huingia katika bahati nasibu ya kuamua zipi zitatangulia kuchagua, na zile zilizovuta mkia ndizo hupewa fursa kubwa zaidi ya kupata chaguo la kwanza.

Kinachogawanywa siku hiyo ni ahadi. Wasaka vipaji hutakiwa kumtazama kijana wa miaka 19 na kutamka bila kusita atakuwa mchezaji wa aina gani atakapofikisha miaka 25. Mamilioni ya dola, kazi za makocha na matumaini ya miji mizima hutegemea jibu lao.

Kwa wapenzi wa vikapu wa Afrika Mashariki, swali hilo lina jina la mtu. Jina hilo ni Hasheem Thabeet.

Usiku wa Juni 25, 2009, jijini New York, klabu ya Los Angeles Clippers ilifungua ukurasa kwa kumteua Blake Griffin. Memphis Grizzlies waliofuata wakamteua Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, ambaye hivyo akawa Mtanzania wa kwanza kuingia NBA. Oklahoma City wakamchukua James Harden katika nafasi ya tatu. Nafasi ya saba ikawaangukia Golden State Warriors, nao wakamtwaa kijana mwembamba kutoka chuo kidogo cha Davidson kwa jina Stephen Curry.

Yaliyofuata yanajulikana. Harden alitawazwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2018. Curry alitwaa tuzo hiyo 2015 na 2016, akanyanyua ubingwa mara nne, na Desemba 2021 akaivunja rekodi ya Ray Allen ya mitupo ya pointi tatu. Thabeet alicheza misimu mitano tu katika ligi hiyo, kwa wastani wa pointi zipatazo mbili kwa kila mechi. Mechi zake za mwisho NBA zilikuwa za msimu wa 2013/14, kisha akaendelea na mchezo wake kwingineko, ikiwemo barani Asia.

Tangu wakati huo jina lake limegeuzwa kuwa mfano wa mkato. Kila orodha ya chaguo mbovu katika historia ya drafti inapoandikwa, humo hakosi kutajwa. Hata hivyo, hukumu hiyo humlaumu kijana kwa kosa ambalo kwa kiasi kikubwa lilikuwa la waliompima na waliompokea.

Ni vyema kwanza kuwatendea haki wakuu wa Memphis. Uamuzi wao haukuwa wa kubahatisha. Katika msimu wake wa tatu Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alikuwa akizima zaidi ya mitupo minne ya wapinzani kwa kila mechi, na alikuwa miongoni mwa walioifikisha timu hiyo katika nusu fainali za kitaifa za vyuo mwaka 2009. Alitangazwa mlinzi bora wa muungano wa Big East, mojawapo ya miungano migumu zaidi ya vyuo wakati huo. Tuzo ya mchezaji bora wa muungano huo aligawana na DeJuan Blair wa Pittsburgh.

Jina hilo la pili ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Mnamo Februari 2009, timu za vijana hao wawili zilikabiliana. Blair, aliyekuwa mfupi kwa Thabeet kwa zaidi ya sentimita 15, alifunga pointi 22 na kudaka mipira 23 iliyorudi kutoka ubaoni, huku jitu la Dar es Salaam likishindwa kufurukuta chini ya kikapu. Aliyekuwa na macho aliona siku hiyo kwamba urefu bila miguu imara na bila mazoea ya kusukumana ni mnara uliosimama mchangani.

Lakini siku ya drafti ilipowadia, Thabeet alikuwa wa pili na Blair akaporomoka hadi nafasi ya 37. Madaktari walikuwa wamebaini kwamba magoti ya Blair hayana kano muhimu za kuyashikilia. Mmoja alipandishwa na vipimo vya mwili, mwingine akashushwa na vipimo hivyo hivyo. Hatimaye Blair, akianzia San Antonio Spurs, alicheza misimu saba ya NBA, miwili zaidi ya Thabeet.

Hapo ndipo kosa la kwanza la wasaka vipaji hujitokeza. Kabla ya drafti, vijana hualikwa mjini Chicago kwa siku kadhaa za kupimwa. Hupimwa urefu bila viatu, upana wa mikono iliyonyooshwa, kimo cha kuruka na kasi ya mbio. Takwimu hizo ni za kweli na zina manufaa. Tatizo ni kwamba kinachopimika kwa urahisi huelekea kupewa uzito kuliko kile kisichopimika. Mwaka 2007, Kevin Durant alishindwa kunyanyua hata mara moja chuma cha takriban kilo 84 katika zoezi la nguvu za kifua. Leo anahesabiwa miongoni mwa wafungaji hodari zaidi waliowahi kuugusa mpira huo.

Kosa la pili linahusu umri. Thabeet aliteuliwa akiwa na miaka 22, na kwa desturi ya drafti hiyo ni miaka ya kijana aliyekwisha kukomaa. Hata hivyo, alikuwa ameanza kucheza vikapu akiwa na takriban miaka 15. Kwa kalenda ya mchezo wenyewe, alikuwa na umri wa miaka saba tu. Mwenzake wa Marekani wa rika hilo huwa ameushika mpira tangu utotoni, na mambo mengi huyatenda bila kuwaza: aweke mguu wapi, ageukie upande gani, mwenzake atafika wapi baada ya sekunde moja.

Kijana aliyechelewa kuanza anaweza kutazamwa kwa namna mbili. Anaweza kuonekana kama mtu mwenye nafasi kubwa ya kukua, kwa kuwa amefika mbali kwa muda mfupi. Anaweza pia kuonekana kama mtu mwenye deni la masomo ambalo ni lazima mtu mwingine amsaidie kulilipa. Memphis walilipa gharama ya mtazamo wa kwanza, wakasahau kutenga muda unaodaiwa na ule wa pili.

Kosa hilo la tatu, yamkini, ndilo kubwa kuliko yote. Thabeet alipowasili Memphis, nafasi yake uwanjani tayari ilikuwa na mwenyewe. Marc Gasol, Mhispania aliyeteuliwa katika nafasi ya 48 mwaka 2007, alikuwa amejijengea makao chini ya kikapu. Gasol baadaye alitangazwa mlinzi bora wa NBA mwaka 2013 na kutwaa ubingwa na Toronto Raptors mwaka 2019. Kwa hivyo, chaguo la pili alikuwa akimngojea chaguo la 48 achoke ili apate dakika chache za kujifunza mbele ya maelfu ya mashabiki.

Februari 2010, kabla ya kumaliza hata msimu mmoja, Thabeet alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya kukuza wachezaji, kwenye timu ya Dakota Wizards, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Memphis. Hakuna mchezaji aliyeteuliwa juu kiasi hicho aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Habari hiyo ilipokelewa kama fedheha. Mwaka mmoja baadaye alihamishiwa Houston Rockets, na Machi 2012 Houston nao wakamwachilia aende Portland.

Katika uhamisho huo wa Portland, Thabeet aliandamana na Jonny Flynn, aliyekuwa chaguo la sita la drafti hiyo hiyo ya 2009. Wawili hao walitolewa kwa pamoja ili kumpata Marcus Camby, mkongwe aliyekuwa amekaribia kutundika viatu. Miaka mitatu ilikuwa haijatimia tangu usiku ule wa New York.

Wapo watakaosema kwamba hayo yote ni visingizio, kwamba mwenye kipaji hupenya hata akitupwa wapi. Hoja hiyo hubomoka mtu anapoitazama safari ya Pascal Siakam.

Siakam, mzaliwa wa Cameroon, naye alichelewa kuuanza mchezo. Alikuwa karibu kumaliza ujana alipoanza kuucheza kwa dhati. Alipitia Chuo Kikuu cha New Mexico State, ambacho hakihesabiwi miongoni mwa vigogo, na mwaka 2016 akateuliwa na Toronto Raptors katika nafasi ya 27. Kama Thabeet, naye alipelekwa katika ligi ndogo katika msimu wake wa kwanza. Tofauti ilikuwa katika maana ya safari hiyo.

Timu ya Raptors 905 inamilikiwa na Toronto yenyewe na iko katika mji jirani wa Mississauga. Kwa Siakam, kwenda huko kulikuwa sawa na kupelekwa shule ya bweni iliyo ng'ambo ya barabara. Mwaka 2017 alishinda ubingwa wa ligi hiyo ndogo na kuibuka mchezaji bora wa fainali. Mwaka 2019 alitunukiwa tuzo ya mchezaji aliyeimarika zaidi katika NBA na kunyanyua ubingwa. Mwaka 2025, akiwa na Indiana Pacers, aliteuliwa mchezaji bora wa fainali za kanda ya Mashariki.

Si ajabu kwamba aliyekuwa rais wa Raptors wakati huo ni Masai Ujiri, mwana wa baba Mnigeria na mama Mkenya, ambaye wakfu wake wa Giants of Africa umekuwa ukiwanoa vijana barani tangu 2003. Mtu aliyewahi kusimamia mazoezi ya watoto warefu wasiojua hata kudunda mpira hujua kwamba kuchelewa ni hali ya kufundishwa, wala si aibu ya kufichwa.

Mkameruni mwingine, Joel Embiid, alianza vikapu akiwa na umri sawa na ule wa Thabeet. Philadelphia 76ers walimteua katika nafasi ya tatu mwaka 2014, kisha wakamngoja misimu miwili mizima bila kuingia uwanjani kwa sababu ya jeraha la mguu. Mwaka 2023 alitawazwa mchezaji bora wa ligi. Klabu ambayo ingekuwa na haraka ingemwuza kabla hajatokwa jasho.

Mifano hii haimaanishi kwamba drafti ni kamari tupu. Waliotangulia kuteuliwa, kwa jumla, hufanya vyema kuliko waliofuata. LeBron James alikuwa wa kwanza mwaka 2003, Tim Duncan mwaka 1997, na hakuna aliyejutia. Nikola Jokic, aliyeteuliwa wa 41 mwaka 2014 na kisha kuwa mchezaji bora mara tatu, hukumbukwa kwa sababu yeye ni nadra. Wengi walioteuliwa katika nafasi kama hiyo hawajulikani na yeyote. Asubuhi huonyesha jambo fulani. Kosa ni kudhani kwamba huonyesha yote.

Aidha, wapimaji hukabiliwa na mtihani ambao hakuna kipimo cha Chicago kinachoweza kuutatua, nao ni kutabiri mchezo wenyewe utakavyobadilika. Msimu ambao Thabeet na Curry walianza, 2009/10, kila timu ilikuwa ikijaribu takriban mitupo 18 ya pointi tatu kwa mechi. Kufikia msimu wa 2024/25, idadi hiyo ilikuwa imepita 37. Jitu la kulinda kikapu, lililokuwa lulu mwaka 2009, lilijikuta likitakiwa kukimbizana na walenga shabaha mita saba kutoka kikapuni. Curry hakufaidika tu na mabadiliko hayo, alikuwa miongoni mwa walioyasababisha.

Ikiwa malezi ni nusu ya kipaji, basi utaratibu wa drafti una kasoro ndani yake. Kwa nia njema ya kusawazisha ushindani, huwapeleka vijana wenye ahadi kubwa zaidi katika klabu zilizovuta mkia. Baadhi ya klabu hizo zilivuta mkia kwa sababu hazina mipango, hubadilisha makocha kila mara na hutaka matokeo ya haraka ili kuwatuliza mashabiki. Mche bora hukabidhiwa mkulima aliyeshindwa msimu uliopita. Giannis Antetokounmpo, aliyetwaliwa na Milwaukee Bucks katika nafasi ya 15 mwaka 2013 akitokea ligi ya daraja la pili Ugiriki, alipata nafasi ya kukosea kwa sababu hakuna aliyemtarajia kuwa mwokozi. Mwaka huo huo, Anthony Bennett aliteuliwa wa kwanza na Cleveland Cavaliers, na baada ya msimu mmoja tu alikuwa ameshahamishwa.

Nambari anayopewa kijana, kwa hivyo, haibaki kuwa makadirio tu. Hugeuka mzigo. Wa pili hutakiwa kuwa nyota kufikia Krismasi. Wa 27 huruhusiwa kuwa mwanafunzi.

Suala hili limerejea kwa nguvu katika eneo hili tangu Juni 2025, Khaman Maluach alipoteuliwa katika nafasi ya kumi na kuishia mikononi mwa Phoenix Suns. Maluach ni mzaliwa wa Sudan Kusini aliyelelewa Kampala, Uganda. Alianza vikapu akiwa na miaka 13, akachukuliwa na akademia ya NBA nchini Senegal, na akiwa na miaka 17 tu aliichezea Sudan Kusini katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Duke, alikocheza pamoja na Cooper Flagg, chaguo la kwanza la mwaka huo.

Ulinganisho na Thabeet hauepukiki. Wote wawili ni warefu kupita kiasi, wote ni walinzi wa kikapu, wote waliuanza mchezo wakiwa wamechelewa. Lakini Maluach aliteuliwa akiwa na miaka 18, minne chini ya Mtanzania huyo, na nyuma yake kulikuwa na miaka kadhaa ya mafunzo yaliyopangwa pamoja na mashindano ya Ligi ya Vikapu ya Afrika (BAL), ambayo yalianzishwa mwaka 2021. Thabeet hakuwa na ngazi kama hiyo. Aliondoka Dar es Salaam akitegemea urefu wake na huruma ya shule za ughaibuni.

Hata hivyo, ngazi hizo hazitamfaa Maluach iwapo atapimwa kwa saa ya mkononi. Senta wa kimo chake huhitaji miaka kuukomaza mwili na kuusoma mchezo. Anayemhukumu kwa takwimu za msimu mmoja au miwili atakuwa amerudia kosa la 2010.

Funzo hili haliwahusu wakuu wa NBA pekee. Katika shule na vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda, uteuzi hufanyika kila muhula bila kamera wala bahati nasibu. Mwanafunzi mrefu huonwa njiani, huahidiwa karo na jezi, na huhamishwa kutoka shule moja hadi nyingine. Asipong'ara kwa mihula miwili, husahaulika, wakati mwingine akiwa amepoteza masomo na marafiki. Ndiyo drafti ya watu wa kawaida, na makosa yake hayaandikwi popote.

Upo mfano wa kutia moyo. Madina Okot, Mkenya mrefu aliyeanzia kwenye voliboli kabla ya kugeukia vikapu, alijenga mchezo wake akiwa Chuo Kikuu cha Zetech, akaelekea Mississippi State mwaka 2024, na msimu wa 2025/26 akavalia jezi ya South Carolina, mojawapo ya timu kuu za wanawake katika vyuo vya Marekani. Yeye pia alichelewa kuanza. Alipata mahali pa kupanda ngazi moja baada ya nyingine.

Kocha anayemtazama kijana mrefu wa kidato cha pili ana maswali yenye manufaa kuliko kumsimamisha ukutani na kumpima. Ameucheza mchezo huu kwa muda gani? Ni kipi anachokifanya leo ambacho mwaka jana hakukiweza? Akikosolewa, siku ya pili hurudi akiwa amejirekebisha? Na lililo muhimu zaidi, atakayempokea ana mwalimu, ana dakika za kumchezesha na ana subira ya miaka mingapi?

Swali hilo la mwisho Memphis hawakujiuliza mwaka 2009, au walijiuliza wakapuuza jibu. Walimpima kijana kuanzia kisigino hadi utosini. Nyumba waliyokuwa wakimkaribisha hawakuipima.

Methali ya wahenga ingali na maana yake. Lakini wahenga hao hao walisema pia kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hawakuona mgongano wowote baina ya kauli hizo mbili. Asubuhi ya kijana aliyeushika mpira kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 15 huja wakati wenzake wamefika adhuhuri, na anayetaka kuiona nyota yake hana budi kuamka kwa saa ya kijana huyo.